MUUGUZI ANAPOKUWA MWALIMU: FUNZO KWA WALIMU WA SHULE ZA MSINGI

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba yeyote aijuaye kazi vema anaweza pia kuifundisha. Seremala hodari hupewa vijana wa kufundisha. Muuguzi hodari hupewa wanafunzi wa uuguzi. Na mtu aliyefaulu hesabu huambiwa kwamba hesabu za darasa la tatu zitakuwa mchezo kwake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina ukweli nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo kazi yenyewe ya mwalimu.

Tumechagua mfano wa wauguzi wanaotayarishwa kuwa walimu, chuoni na wodini, kwa sababu mbili. Kwanza, katika kazi yao kosa la mwalimu huonekana upesi, maana huangukia mwili wa mgonjwa. Pili, historia ya matayarisho hayo inahusiana sana na vyuo vya ualimu, kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimwuguza mama yetu katika hospitali moja. Aliwekewa dripu na muuguzi wa makamo ambaye wodi nzima ilimsifu. Muuguzi yule alifunga mpira mkononi, akapapasa mshipa kwa ncha ya kidole, na kabla mama hajakunja uso sindano ilikuwa imekwisha kuingia. Pembeni alisimama msichana wa mwaka wa kwanza, daftari mkononi. Akauliza kwa heshima, "Sista, umejuaje kwamba mshipa uko hapo?" Muuguzi akamjibu bila ubaya wowote, "Tazama tu, utazoea."

Siku ya tatu dripu ilitakiwa kuhamishiwa mkono wa pili, naye msichana akaitwa ajaribu. Alichoma mara ya kwanza, akakosa. Akachoma mara ya pili, akakosa. Mara ya tatu machozi yalimlengalenga yeye, si mgonjwa. Mama ndiye aliyembembeleza: "Taratibu, mwanangu, mkono huu haukimbii." Hatimaye muuguzi alichukua sindano mwenyewe, na kazi ikaisha kwa nukta chache.

Jioni ile tulimkasirikia msichana. Baadaye, kwa kuwa sisi nasi ni walimu, tulitambua kwamba hasira yetu haikuwa mahali pake. Msichana alikuwa amepewa sare, daftari, sindano na mgonjwa. Hakuwa amepewa mafunzo. Muuguzi naye hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa bingwa wa kazi yake ambaye hakuna aliyemfundisha kufundisha.

Chimbuko la Tatizo

Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1820, alipata sifa kwa kuwauguza askari wakati wa Vita vya Krimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856. Fedha zilizochangwa kwa heshima yake zilitumika kufungua shule ya wauguzi mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Msimamizi wa shule alikuwa Bibi Sarah Wardroper, mkuu wa wauguzi wa hospitali hiyo. Wanafunzi waliishi hapo hapo, wakajifunza kazi wodini mikononi mwa masista, yaani wauguzi wakuu wa wodi, na wakasikiliza mihadhara ya madaktari. Wahitimu wake walipelekwa mbali kueneza mafunzo ya namna hiyo. Kwa mfano, mwaka 1868 Lucy Osburn na wenzake watano walifika Sydney, Australia.

Utaratibu huu ulikuwa na wema mkubwa: mwanafunzi alijifunza mahali pale kazi inapofanyika. Lakini ulikuwa pia na udhaifu. Sista alipewa wodi kwa sababu aliweza kuuguza na kusimamia. Uwezo wake wa kufundisha haukuwa jambo la kuulizwa kwanza. Alipokuwa na nafasi alifundisha, na wodi ilipojaa wagonjwa mafunzo yalingoja.

Nchini Marekani, ambako hospitali nyingi zilianzisha shule za wauguzi tangu miaka ya 1870, udhaifu huo ulikomaa ukawa desturi. Wanafunzi ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi za wodi, mchana na usiku, na masomo yaliwekwa jioni wakiwa wamechoka. Miongoni mwa waliopinga desturi hiyo ni Isabel Hampton Robb na Adelaide Nutting, wote wazaliwa wa Kanada, waliofuatana kuongoza shule ya wauguzi ya hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Nutting aliongeza muda wa mafunzo ukawa miaka mitatu, akatetea siku ya kazi isiyozidi saa 8, na mwaka 1901 akaanzisha miezi 6 ya matayarisho kabla mwanafunzi hajakabidhiwa kazi ya mgonjwa.

Lakini mabadiliko ya namna hii yalihitaji walimu, nao wangepatikana wapi? Wakuu wa shule za wauguzi wa Marekani, waliokuwa wameunda chama chao mwaka 1893, walilijadili swali hilo kwa muda. Jibu lao lapaswa kutufurahisha sisi wa vyuo vya ualimu. Hawakwenda kwenye hospitali kubwa kuliko zote, wala kwenye shule ya udaktari. Walikwenda Teachers College, chuo cha ualimu mjini New York kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1899 kozi ya kwanza ya kuwatayarisha wauguzi kuwa walimu na wasimamizi ikaanza hapo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache mno. Hao walikuwa wauguzi waliokwisha kuijua kazi yao, nao waliketi pamoja na walimu wa shule wakisoma saikolojia na mbinu za kufundisha. Mwaka 1907 Nutting alifanywa profesa katika chuo hicho, akawa muuguzi wa kwanza duniani kupata cheo hicho.

Yafaa tukumbuke jambo hili. Wauguzi wale walikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa vidonda, homa na dawa. Hata hivyo walikiri kwamba kuna ujuzi wa pili ambao hawakuwa nao, wakaja kuutafuta kwa walimu.

Mawazo hayo yamedumu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaja maeneo 8 ya umahiri wa msingi wa mwalimu wa wauguzi. Miongoni mwake yamo namna watu wazima wanavyojifunza, utungaji na utekelezaji wa mtaala, mawasiliano, maadili na upimaji. Umahiri wa uuguzi wenyewe ni eneo moja tu kati ya hayo manane.

Ugumu wa Mjuzi

Kwa nini mjuzi hushindwa kueleza anachokijua? Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Aliutumia uchambuzi wa ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamechunguza jinsi watu kama marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopata ujuzi. Benner alieleza ngazi 5: mwanagenzi, anayeanza kuendelea, anayemudu kazi, stadi, na bingwa.

Tofauti baina ya ngazi ya chini na ya juu haiko katika wingi wa maarifa peke yake. Mwanagenzi hutegemea kanuni: kwanza fanya hili, kisha lile. Bingwa huiona hali nzima kwa pamoja na kutenda papo hapo. Anaingia wodini, anamtazama mgonjwa wa kitanda cha nne, na kusema, "Huyu mwiteni daktari." Ukimwuliza ameona nini, huenda asiweze kukutajia upesi. Kanuni alizoanza nazo zimezama mkononi na machoni mwake, naye hazioni tena.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Katika ualimu taabu yake ni hii: kadiri tunavyoizoea kazi ndivyo hatua zake zinavyofichika. Yule muuguzi wa mama yetu hakumnyima msichana siri yoyote. Siri ilikuwa imejificha hata kwake yeye mwenyewe. Kidole chake kilitafuta kitu laini kinachodunda kidogo kikibonyezwa. Kilikwepa mahali mshipa unapogawanyika. Mkono wake wa kushoto uliivuta ngozi ikakaza ili mshipa usiteleze. Mambo haya matatu yangeweza kusemwa kwa nusu dakika. Hayakusemwa kwa sababu bingwa hakujua kwamba anayafanya.

Mwalimu wa shule ya msingi yumo katika hatari hiyo hiyo. Tuchukue hesabu hii: 42 kutoa 17. Mtoto wa darasa la tatu anaandika 35. Mwalimu anaweka alama ya kosa na kusema, "Umesahau kukopa. Kopa moja kwa jirani." Lakini mtoto amefanya nini hasa? Ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 katika 7 akapata 5. Kisha akatoa 1 katika 4 akapata 3. Hakusahau chochote, alifuata kanuni aliyojitungia. Nayo maneno "kopa moja" hayamsaidii, kwa kuwa anachochukua si moja. Ile 4 ni makumi manne. Tukichukua kumi moja na kuifungua tunapata mamoja kumi, tukiyaongeza kwenye 2 yanakuwa 12, na makumi yanabaki matatu. Ndipo 12 kutoa 7 ni 5, na makumi 3 kutoa kumi 1 ni makumi 2. Jibu ni 25. Sisi watu wazima tumeizoea njia hii hata neno "moja" halitukwazi. Mtoto linamkwaza, naye hajui kutuambia.

Basi kazi ya kwanza ya muuguzi anayetayarishwa kuwa mwalimu ni kuufungua tena ujuzi wake, hatua kwa hatua, kama mtu afumuaye mkeka aone ulivyosukwa. Kazi hiyo ndiyo yetu pia.

Hatua Nne za Kufundisha Kitendo

Ipo njia inayotumika sana katika mafunzo ya tiba na uuguzi, iliyoelezwa mwaka 1998 na daktari wa upasuaji wa Uingereza aitwaye Rodney Peyton. Tutaieleza kwa mfano wa kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono.

Hatua ya kwanza: mwalimu hutenda kwa mwendo wa kawaida bila maelezo. Mwanafunzi anaona kazi nzima ilivyo ikikamilika.

Hatua ya pili: mwalimu hutenda tena polepole, akieleza kila sehemu na sababu yake. "Naulaza mkono wa mgonjwa utulie. Naweka ncha za vidole viwili au vitatu upande wa kidole gumba cha mgonjwa. Situmii kidole gumba changu, maana kina mapigo yake, nami naweza kuhesabu moyo wangu nikidhani ni wake. Nahesabu sekunde 60. Nasikiliza pia kama mapigo yanakwenda sawasawa na kama yana nguvu. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika."

Hatua ya tatu: mwanafunzi hueleza, na mwalimu hutenda kama anavyoambiwa. Hatua hii ndiyo ambayo wengi wetu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Mwanafunzi akisema "weka kidole" bila kusema kidole kipi, mwalimu husimama na kuuliza. Hapo pengo la ufahamu hujitokeza kabla halijamdhuru mtu.

Hatua ya nne: mwanafunzi hueleza na kutenda mwenyewe, mwalimu akimwangalia.

Kwanza hatua hizi hufanyika katika chumba cha mazoezi. Wauguzi walitambua zamani thamani ya zana za kufundishia. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Marekani, ilipata sanamu ya ukubwa wa mtu mzima iliyotengenezwa na mfanyabiashara wa wanasesere, Martha Chase. Sanamu hiyo ikajulikana kwa jina la Bibi Chase. Wanafunzi waliweza kumgeuza, kumwogesha na kumvalisha mara kumi bila yeye kulalamika. Makosa ya kwanza yalimwangukia yeye badala ya mgonjwa.

Katika darasa la msingi hatua hizo nne zafaa vilevile. Katika hesabu yetu ya 42 kutoa 17, mwalimu atumie mafungu ya vijiti kumi kumi. Afanye mara moja kimya, afanye tena akieleza, kisha aseme, "Sasa ninyi niambieni, mimi nitafanya." Hapa ubao una nafuu ambayo wodi haina. Watoto wakimwambia atoe 2 katika 7, anaweza kufanya hivyo hivyo, apate 35, halafu ajumlishe 35 na 17 mbele yao. Watapata 52, nao watajionea wenyewe kwamba kosa lipo, hata kabla ya kuambiwa.

Kufundisha Mbele ya Mgonjwa

Mwalimu wa wauguzi hufundisha mahali pawili, darasani na wodini. Darasani kuna watu wawili: mwalimu na mwanafunzi. Wodini kuna wa tatu, naye ni mgonjwa, ambaye hakuja hospitali ili mtu ajifunze kwake. Kwa hiyo muuguzi anayeelekeza wodini hufunzwa kugawa kazi yake katika nyakati tatu.

Kabla ya kuingia wodini hukutana na wanafunzi kwa dakika chache. Kila mmoja hueleza atamhudumia nani, atafanya nini na kwa sababu gani. Asiyeweza kueleza hapewi kazi hiyo siku ile. Hurudi chumba cha mazoezi. Kama ni kutoa dawa, hutakiwa ataje mambo matano ya kuhakikisha: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio.

Wakati wa kazi, kwanza mgonjwa huelezwa kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi na kwamba msimamizi yupo, naye huombwa ridhaa yake. Kisha mwelekezi husimama karibu, mkono wake ukiwa tayari. Hapa pana uamuzi mgumu kuliko yote katika kazi hii: aingilie kati lini? Tunaweza kuuweka hivi. Kosa likielekea kumdhuru mgonjwa, huzuia papo hapo, kwa sauti ya chini na maneno machache: "Ngoja. Tuangalie lebo pamoja." Mwanafunzi akichelewa tu, au akitafuta njia, hungojewa. Mwalimu anayenyakua sindano kila mara humfundisha mwanafunzi kwamba hawezi. Na mwalimu asiyeichukua kamwe humfanya mgonjwa alipe ada ya masomo ya mtu mwingine. Tena haifai kumkaripia mwanafunzi mbele ya mgonjwa, maana wote wawili hupoteza imani kwa wakati mmoja.

Baada ya kazi hukutana tena, mbali na kitanda. Mwanafunzi husema kwanza: nini kilikwenda vema, nini kilinishinda, kesho nitabadili nini. Mwelekezi huongeza aliyoyaona kwa macho yake. Badala ya kusema "hukuwa makini", husema "uliondoa macho kwenye kipimo ulipoitwa mlangoni." Neno la kwanza humlaumu mtu; la pili humwonyesha mahali pa kurekebisha.

Kupima Ujuzi

Mwaka 1990 daktari wa Marekani, George Miller, alichora piramidi yenye ngazi nne za kupima ujuzi. Chini kabisa mwanafunzi anajua. Juu yake anajua namna ya kufanya. Juu yake tena anaonyesha akifanya. Na kileleni anatenda katika kazi yake ya kila siku. Mtihani wa kuandika hupima ngazi za chini. Mtu anaweza kupata alama zote kuhusu kuosha mikono, kisha akamgusa mgonjwa kwa mikono michafu.

Ili kupima ngazi ya tatu kwa haki, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mwaka 1975 mtihani wa vituo. Wanafunzi huzunguka kutoka kituo hadi kituo kwa muda uliopangwa. Kila kituo kina kitendo kimoja, na msimamizi ana orodha ile ile ya kukagua kwa kila mtahiniwa. Kwa njia hii bahati ya kupata mgonjwa rahisi au msahihishaji mkali hupungua. Mtihani huu ulianzia kwa wanafunzi wa udaktari, na leo hutumika pia katika shule nyingi za uuguzi.

Sisi nasi tujiulize. Mtoto anayejibu kwamba sentensi huanza kwa herufi kubwa, je, huanza hivyo katika barua anayoandika? Mwanachuo anayeeleza vizuri mbinu shirikishi katika mtihani, je, huzitumia Jumatatu asubuhi mbele ya watoto wengi?

Haya Yanatuhusu Nini?

Wapo watakaosema kwamba sindano na chaki ni vitu mbalimbali. Ni kweli, lakini tutazame mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anapokwenda shuleni kwa mazoezi, katika chumba kile wamo watu wa aina tatu: mwalimu wa darasa, yeye mwenyewe, na watoto. Watoto hawakuja shuleni ili sisi tujifunze ualimu kwao. Wao wamekuja kusoma, na majuma tutakayokaa nao hayatarudi tena katika maisha yao. Jeraha la sindano huonekana na hupona. Mtoto aliyeelezwa vibaya namna ya kutoa huenda akabeba kosa lake hadi darasa la saba, akiamini kwamba yeye ni mzito wa akili, wala hakuna atakayeona alama mkononi mwake.

Hatusemi kwamba mwanachuo asiende darasani hadi awe bingwa. Ubingwa haupatikani nje ya kazi. Twasema kwamba gharama ya kujifunza kwetu isiwaangukie watoto pale inapoweza kuepukwa. Kwa ajili hiyo tunapendekeza mambo manne.

(a) Kabla ya somo, tumweleze mwenzetu andalio la somo kwa sauti, hatua kwa hatua, naye awe mtoto asiyejua lolote. Anapouliza "kwa nini?" nasi tukakosa jibu, hapo ndipo pa kurudi kujifunza.

(b) Tuyafanye makosa ya kwanza mahali salama. Kufundishana sisi kwa sisi chuoni ndiko chumba chetu cha mazoezi, tusikufanye mzaha.

(c) Tumwombe mwalimu wa darasa tukutane naye dakika kumi kabla na dakika kumi baada ya somo, na tukubaliane ni wakati gani ataingilia kati na kwa ishara gani, bila kutuvunjia heshima mbele ya watoto.

(d) Tukusanye makosa ya watoto kama muuguzi aandikavyo dalili. Alama ya kosa peke yake haisemi kitu. Tuandike mtoto alifanya nini, na tumwulize alifikirije.

Tena lipo jambo la mbele zaidi. Baada ya miaka michache wanachuo wa leo watakuwa walimu wenyeji, nao watapokea wanachuo wengine katika madarasa yao. Siku hiyo watakuwa wamezoea kazi. Mwanachuo atawauliza, "Mwalimu, umejuaje kwamba yule mtoto wa nyuma hajaelewa?" Jibu la haraka litakuwa pale mdomoni: "Utazoea."

Hitimisho

Tumeona kwamba kujua kazi na kujua kuifundisha ni maarifa mawili, na kwamba wauguzi walipolitambua hilo mwaka 1899 walikwenda katika chuo cha ualimu. Tumeona pia kwamba mjuzi hana budi kuufungua ujuzi wake upya, kumpa mwanafunzi nafasi ya kueleza kabla ya kutenda, kumlinda yule ambaye mafunzo hufanyika juu yake, na kupima kitendo kwa kitendo.

Mama yetu alipona akarudi nyumbani. Alama tatu za bluu zilikaa mkononi mwake kwa majuma mawili. Alipoulizwa habari za hospitali alizoea kusema kwamba wauguzi wote walikuwa wema, ila yule binti mdogo alihitaji mtu wa kumwambia. Hatujui fasili ya ualimu iliyo fupi kuliko hiyo.

Maswali ya Majadiliano

1. Chagueni kitendo kimoja mnachokifanya bila kufikiri, kama kufunga kamba ya kiatu au kushika kalamu. Andikeni hatua zake zote, kisha mwenzenu azifuate kama zilivyoandikwa. Ni hatua zipi mlizisahau, na kwa nini?

2. Mtoto ameandika kwamba 63 kutoa 28 ni 45. Elezeni alivyofikiri. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kumsahihisha?

3. "Mwalimu mwenyeji asimwingilie kamwe mwanachuo anapofundisha." Jadilini kauli hii kwa kuzingatia nafasi ya mtoto.

4. Tayarisheni somo la dakika 20 kwa kutumia hatua nne zilizoelezwa katika makala hii, mlifundishe mbele ya wenzenu, kisha mkutane mzungumze lililofaulu na la kubadili.